Shwari

Chumba cha nyuma cha chama cha msingi, Tandahimba,
pale harufu ya magunia mapya
inapokushika koo kabla ya salamu,
tulibandika karatasi ukutani.
Huku kazi ambazo bado,
katikati zinazoendelea,
na mwisho, karibu na dirisha, zilizokwisha:
safu haba, kama ndevu za kijana.

Nyekundu zilikuwa za hatari.
Somoe aliandika: umeme.
Nampunju: mtandao kukatika mnada ukiwa kati.
Chande akaandika mvua ya mapema,
akachora na korosho inayolia,
tukacheka, tukaipa namba.
Mimi, kiongozi wao, kwa mwandiko wa kujivunia:
mkulima asiyeiamini mizani inayoongea na simu.
Kila hatari na mwenyewe,
kila hatari na dawa yake pembeni:
jenereta, laini mbili, turubai,
daftari la kaboni likae tayari chini ya meza.
Wiki ile nililala vizuri.

Hatukutaka kujenga jumba zima
ndipo tuwaonyeshe watu mlango.
Wiki mbili, kipande. Wiki mbili, kipande.
Tunawapelekea makarani, wanabonyeza,
wanakuna kichwa, wanasema "hapa hapana,"
tunarudi kufumua
kama fundi aliyeshona mkono wa kushoto kulia.

Na kila asubuhi, saa mbili na nusu,
robo saa, wima, hakuna kiti:
jana ulifanya nini, leo unafanya nini,
kitu gani kimekuzuia?
Likwembe alijibu neno moja.
Jumatatu, shwari. Jumanne, shwari.
Alhamisi macho mekundu
kama ya mbangua korosho aliyekesha na moshi,
shwari.
Nilimpenda kwa hilo. Nikamtolea mfano.

Siku ya kupima, umeme haukukatika.
Mtandao ulisimama.
Mbingu ya Oktoba nyeupe,
hata kiwingu cha kusingizia hakuna.
Bi Asumini Nalyoto wa Mahuta alileta magunia manne,
simu ikasema matatu.
Mawili yalilingana uzito hadi gramu ya mwisho,
na programu yetu, kwa akili yake fupi,
ikaona moja limepimwa mara mbili.
Hakupiga kelele. Alihesabu kwa kidole,
moja, mbili, tatu, nne,
kisha akanitazama mimi, si simu.

Daftari likatoka chini ya meza, foleni ikasogea.
Dawa ya hatari nyingine ilitibu hii
kwa bahati,
na bahati haina mwenyewe ukutani.

Jioni nilimkuta nyuma ya ghala
amekalia mizani ya zamani,
mshale ukimsoma kilo hamsini na nane.
"Ulijua?"
"Siku nane."
"Siku nane, Likwembe, na kila asubuhi..."
Hakuinua kichwa.
"Wiki ya kwanza Somoe alisema amekwama.
Ukatazama saa."

Nilitaka kubisha.
Niliitafuta asubuhi ile
kama mtu anayepekua mifuko kutafuta risiti,
nikaipata:
Somoe anaongea, mkono wangu unapanda wenyewe,
pindo la shati linateleza,
na pale konani, kijana mmoja
anajifunza kazi.

Usiku nikachukua karatasi nyekundu.
Hatari: saa ya Mwanahawa.
Mwenyewe: Mwanahawa.
Dawa... kalamu ilisimama hapo,
nikaibandika hivyo hivyo, na tundu lake.

Kesho yake tulisimama.
Mkononi nina alama tu ya mkanda,
ngozi iliyopauka kwa kutoona jua.
Nampunju akasema amekwama.
Chande akasema anafikiri amekwama.
Likwembe alikohoa, akatazama kifundo changu,
akasema, "Mimi si shwari,"
akaanza kueleza, akarudi nyuma, akaanza tena,
na robo saa ikapita.
Nadhani.